Ferdinand Braun: Mwanafizikia aliyeliacha bomba la picha bila hataza

Fundi yeyote wa runinga za chogo anaijua picha inayokimbia. Mashine ya michezo imewashwa, sauti inasikika vizuri, rangi zote zipo, lakini picha haitulii. Mara inapanda juu na kutokea tena chini, mara inalala mshazari na kukatika vipande kama kitambaa kilichochanwa. Mwenye mashine husema kioo kimekufa. Fundi mzoefu hakubali haraka hivyo. Anajua kwamba kioo kinachoonyesha rangi na mwanga bado ni kizima, na kwamba kilichokosekana ni maelewano kati ya mashine inayotuma picha na kioo kinachoichora.

Nyuma ya kioo hicho kuna chupa kubwa isiyo na hewa, yenye shingo nyembamba, ndiyo iliyozipa runinga hizo jina la chogo. Wajerumani huiita bomba la Braun. Wajapani nao, ambao nchi yao ilitoa mashine nyingi za michezo zilizoenea duniani tangu miaka ya 1970, waliliita kwa jina hilohilo. Katika Afrika Mashariki jina la Braun halikushika, ingawa kazi ya mikono yake ilifika kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria miaka mingi kabla ya runinga ya kwanza kuwashwa Kampala.

Karl Ferdinand Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda, Ujerumani, mtoto wa mtumishi wa serikali. Alisoma Marburg kisha Berlin, na mwaka 1872 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu mitikisiko ya nyuzi. Mwaka 1874 alipata kazi ya ualimu katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, shule ileile ambayo zaidi ya karne moja kabla yake mtunzi Bach aliongoza muziki. Aliwapenda vijana na akawaandikia kitabu cha hisabati na sayansi. Ila jambo kubwa la miaka hiyo lilitokea mezani pake. Alipokuwa akigusisha ncha ya waya kwenye madini yenye salfa, aligundua kwamba umeme ulipita kwa wepesi upande mmoja na kukataa kurudi upande wa pili. Alilitangaza jambo hilo mwaka 1874. Halikumfaa mtu yeyote wakati huo, kwa kuwa hapakuwa na kifaa kilichohitaji umeme wa namna hiyo. Ilipita robo karne kabla ya redio kuja na kulitafuta. Leo kila fundi anayepima dayodi kwenye saketi ya runinga anapima tabia hiyo aliyoiona Braun akiwa mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 24.

Baada ya hapo alihamahama kama walivyohama maprofesa wa Ujerumani wa enzi zile: Marburg, Strasbourg, Karlsruhe, Tübingen. Mwaka 1895 alirudi Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, akiwa mkurugenzi wa taasisi ya fizikia. Mwishoni mwa mwaka huo Röntgen alitangaza miale yake inayopenya nyama na kuonyesha mifupa, na karibu kila maabara ya Ulaya ikageukia mabomba ya kioo yaliyoondolewa hewa. Braun naye aligeukia huko, ila swali lake lilikuwa tofauti na la wengine. Hakutaka kujua miale ile ni kitu gani. Alitaka kujua inaweza kutumika kufanyia nini.

Umeme wa miji ya Ulaya ulikuwa umeanza kuwa wa mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi mara kadhaa kwa kila sekunde. Hakuna sindano ya kipimo iliyoweza kuufuata mwendo huo, kwa kuwa kila sindano ina uzito, na chenye uzito huchelewa. Braun aliona kwamba mwale ndani ya bomba hauna uzito wa kutajika. Akatengenezewa bomba refu, akaweka ndani yake kizuizi chenye tundu dogo ili mwale upite ukiwa mwembamba, na mwishoni akaweka kipande cha ulanga kilichopakwa kemikali inayong'aa inapopigwa. Pembeni ya shingo aliweka koili ya waya. Umeme ulipopita kwenye koili, sumaku yake iliuvuta mwale, na nukta ya mwanga ikapanda na kushuka ikifuata kila badiliko la mkondo bila kuchelewa. Alilitangaza bomba hilo Februari 1897. Miezi miwili baadaye, Aprili, J. J. Thomson wa Uingereza alieleza kwamba miale ile ni chembe ndogo kuliko atomu, zile tuziitazo elektroni. Kwa hiyo Braun alikuwa ameshakiweka kazini kitu ambacho sayansi ilikuwa bado haijakipa jina.

Hakukiombea hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza kitu chake. Aliandika jinsi kilivyotengenezwa, akachapisha, na maabara yoyote iliyotaka ikaunda cha kwake. Tukumbuke hilo, kwa kuwa litakuja kupingana kwa namna ya ajabu na jinsi maisha yake yalivyoishia.

Bomba hilo la kwanza lilikuwa na upungufu mmoja, na upungufu huo ndio unaotupeleka moja kwa moja kwenye picha inayokimbia. Nukta ya Braun ilikwenda upande mmoja tu, juu na chini. Macho yaliona mstari wima wa mwanga, basi. Ili kuutandaza mstari huo uwe wimbi linalosomeka, Braun aliutazama kupitia kioo cha kujitazamia kilichokuwa kikizunguka. Kioo kikizunguka kwa kasi inayopatana na umeme, wimbi lilisimama mbele ya macho kama limechorwa. Kikizunguka haraka kidogo au polepole kidogo, wimbi liliteleza na kutoroka. Mwaka 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, alikiondoa kioo hicho. Aliongeza nguvu ya pili ya kuuvuta mwale kwa upande, ikiupeleka kwa mwendo ulio sawa kisha ikiurudisha ghafla, tena na tena. Tangu hapo nukta ikawa na mabwana wawili, mmoja wa wima na mmoja wa ulalo, na hakuna picha isipokuwa wawili hao wanapatana na kile kinachochorwa.

Katika mfumo wa runinga uliotumika Uganda, picha moja ina mistari 625, na picha 25 huchorwa kila sekunde. Yaani bwana wa ulalo hukimbia mara 15,625 kwa sekunde, naye wa wima hushuka mara 50, kwa sababu kila picha huchorwa kwa mikupuo miwili. Mashine nyingi za michezo za zamani hukaribia hapo: mistari kama 15,700, na mikupuo kama 60. Kila bwana ana saketi yake ya kumpigia mwendo, na saketi hiyo ikiachwa peke yake hupiga kwa kukisia. Kinachoitia adabu ni mapigo mafupi ya umeme yanayotoka kwenye bodi ya mchezo, yakisema sasa anza mstari mpya, sasa rudi juu. Kazi hiyo ya kupatanisha mwendo ndiyo wataalamu huiita ulandanishi. Mapigo yasipofika, bodi inatuma picha kwa saa yake na kioo kinaichora kwa saa yake.

Nateete si mahali pa ajabu pa kuzungumzia mambo ya ufundi. Mhandisi Mskoti Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na karakana na mtambo wake wa kupiga chapa hapa, na katika miaka ya mwanzo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizofundishia. Habari za vyuma na mitambo zimewahi kuelezwa kwa lugha yetu kwenye kilima hiki, basi hapana sababu ya kushindwa kuueleza ulandanishi.

Fundi anayetumia akili huanza kwa kutazama kabla ya kushika bisibisi. Ikiwa picha inapanda au kushuka tu na mistari yake imenyooka, bwana wa ulalo yuko sawa, na kasoro iko upande wa wima. Ikiwa imelala mshazari na kuwa mapande ya mistari iliyopinda, kasoro ni ya ulalo, na kadiri mapande yanavyokuwa mengi ndivyo kasi ilivyo mbali na inayotakiwa. Ikiwa vyote viwili vimepotea kwa pamoja, si rahisi mabwana wawili kuugua siku moja; hapo huangaliwa njia wanayoitumia wote: waya wa mapigo, waya wa ardhi, plagi iliyolegea, au saketi inayoyatenga mapigo kabla ya kuyagawa.

Kisha kuna jaribio moja ambalo mafundi wazee hulithamini kuliko vipimo vya bei kubwa. Zungusha kitasa cha kushikilia wima polepole. Picha ikisimama hata kwa nukta moja, kisha ikaanza kuteleza tena, saketi ya mwendo ni nzima na inaweza kufikia kasi inayotakiwa. Kilichokosekana ni pigo la kuishika pale. Tafuta waya. Lakini ikiwa picha haisimami hata ukizungusha kitasa mwanzo hadi mwisho, basi saketi yenyewe imepotea, na mara nyingi mkosaji ni kapasita iliyokauka kwa joto la miaka. Ndicho kile kilichotokea kwenye kioo cha kuzunguka cha Strasbourg: kwanza uweze kuifikia kasi, kisha upate cha kukushikilia hapo.

Mashine za michezo zina vituko vyake vya ziada. Bodi nyingine hutuma mapigo ya wima na ya ulalo kwa waya mmoja, nyingine kwa nyaya mbili, na kioo kinachosubiri mbili hakitatulia kikipewa moja. Nyingine hutuma pigo linalopanda ambapo kioo kinangoja pigo linaloshuka. Zipo pia bodi za baadaye zinazotuma mistari 24,000 au 31,000 kwa sekunde. Ukiziunganisha na kioo cha 15,000 utaona picha zilizochanika zikipandiana, na ukiiacha hivyo muda mrefu unaweza kuiunguza saketi ya ulalo. Kwa hiyo njia ya mkato iliyo bora ni kubadilishana: chukua bodi unayoijua kuwa nzima uiweke kwenye kioo hicho, kisha bodi inayoshukiwa uiweke kwenye kioo kizima. Ugonjwa utakaohama na bodi ni wa bodi.

Na tahadhari moja haina mzaha. Bomba la picha hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na chaji hiyo hubaki ndani hata plagi ikishang'olewa. Vioo vingi vya mashine za michezo, tofauti na runinga ya nyumbani, vilitengenezwa vikitegemea transfoma ya kuvitenga na umeme wa ukutani. Fundi aliyeiondoa transfoma hiyo kwa kuona ni mzigo ameweka umeme wa ukutani kwenye chuma ambacho mikono yake itakigusa.

Turudi kwa Braun. Mwaka 1898, mwaka mmoja baada ya bomba lake, aliingizwa katika biashara ya simu isiyo na waya, na miongoni mwa waliotoa fedha alikuwa Ludwig Stollwerck, mtengenezaji wa chokoleti wa Cologne. Marconi alikuwa ameshawashangaza watu kwa kutuma ishara hewani, lakini mtambo wake uliweka cheche ndani ya antena yenyewe, na nguvu ilipotea bure. Braun aliiondoa cheche akaiweka katika saketi yake ya pembeni, kisha akaiunganisha na antena kwa koili mbili zisizogusana, zilizorekebishwa mpaka zikaitikiana. Safari hii hataza zilichukuliwa. Mwaka 1903 mfumo wake uliunganishwa na wa washindani wake wa Berlin, ikazaliwa kampuni ya Telefunken. Desemba 1909 alisimama Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Marconi, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 24. Tuzo ilitolewa kwa ajili ya simu isiyo na waya. Bomba halikuwa sababu yake.

Ilikuwa ni katika miaka hiyohiyo ambapo wengine walianza kuliona bomba kwa jicho jipya. Mwaka 1906 Wajerumani wawili, Max Dieckmann na Gustav Glage, walilitumia kuchora maumbo yaliyotumwa kutoka mbali. Mwaka uliofuata Boris Rosing wa St. Petersburg aliomba hataza ya mfumo wa kupokea picha uliotumia bomba la Braun. Hakuna aliyehitaji kumwomba Braun ruhusa, wala kumlipa.

Simu isiyo na waya ndiyo iliyomleta kwetu. Serikali ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijenga vituo vyake kandokando ya Ziwa Viktoria, Mwanza na Bukoba, na minara yake ikapeleka ishara juu ya maji. Anayetoka Nateete leo kwa barabara ya Masaka, akivuka mpaka pale Mutukula, hufika Bukoba. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, kituo cha Bukoba kikawa jicho na sikio la adui kwa Waingereza waliokuwa Uganda na Kisumu. Juni 1915 kikosi chao kilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, kikapigana kwa siku mbili, kikaingia mjini na kuuharibu mtambo huo. Mji uliporwa. Wenyeji wa Bukoba, ambao hawakuulizwa kuhusu kujengwa kwa mnara wala kuangushwa kwake, ndio waliobaki na magofu.

Mnara ulipoanguka, Braun alikuwa ng'ambo ya Atlantiki. Kampuni ya Marconi ilikuwa imefungua shauri la hataza dhidi ya kituo kikubwa cha Kijerumani cha Sayville, karibu na New York, ambacho kilikuwa mojawapo ya njia chache zilizobaki za Ujerumani kuzungumza na Marekani. Kituo kingefungwa kwa amri ya mahakama, Waingereza wangepata kwa karatasi kile walichokipata Bukoba kwa bunduki. Mwishoni mwa 1914, akiwa na umri wa miaka 64 na afya isiyo nzuri, Braun alivuka bahari ili kutoa ushahidi. Zenneck, yule aliyeipa nukta bwana wake wa pili, alisafiri pia.

Shauri lilikokota miguu. Njia za bahari zilikuwa za hatari, na kurudi nyumbani kukawa kugumu. Aprili 1917 Marekani iliingia vitani, na profesa mwenye Tuzo ya Nobel akawa raia wa nchi adui. Zenneck aliwekwa kizuizini. Braun, kwa sababu ya umri wake, aliachwa akae Brooklyn chini ya uangalizi. Alifariki huko tarehe 20 Aprili 1918, miezi saba kabla ya vita kumalizika. Baadaye majivu yake yalirudishwa Fulda. Strasbourg, alikolizindua bomba lake, ilikuwa imekuwa mji wa Ufaransa.

Hakuona hata runinga moja. Uganda ilianza matangazo yake ya runinga mwaka 1963, na bomba alilolibuni kwa ajili ya kupima umeme likaingia sebuleni, kisha kwenye vibanda vya video na kumbi za michezo. Sasa viwanda vikubwa vimeacha kulitengeneza. Bomba linalovunjwa jalalani halipati mwenzake dukani, na mengi yanayovunjwa yalikuwa mazima: ugonjwa ulikuwa waya wa mapigo, au kapasita ya bei ya kikombe cha chai. Kubandika kioo bapa mahali pake hakutoshi daima. Bunduki za zile mashine za kulenga shabaha hufanya kazi kwa kuhesabu ni wakati gani hasa nukta ya mwanga ilipita mbele ya mtutu. Kioo bapa hakina nukta inayopita, kwa hiyo mchezaji hulenga, hufyatua, na mashine haioni kitu.